Jumatatu na Alhamisi

Msichana anapoacha shule katika mitaa ya mabanda hapa Nairobi, swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile: "Ana mimba?" Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha, na miaka yangu yote ya kazi nimeipitisha Mathare. Mimba inawatoa wasichana shuleni, hilo silikatai. Lakini mara nyingi hufika msichana ameshaondoka kitambo, jina lake tu ndilo limebaki kwenye rejista.

Ndiyo maana mimi huanza na rejista.

Kulikuwa na msichana wa Gredi ya 7, kifungua mimba, mwenye wadogo watatu. Nilikaa na mwalimu wake wa darasa tukafuata jina lake kwa kidole, wiki baada ya wiki. Hakuwa akikosa ovyo. Alikosa Jumatatu na Alhamisi, kisha Jumatatu na Alhamisi tena. Darasani alishahesabiwa kuwa mtoro. Nilimwita kando nikamuuliza, "Mwanangu, Alhamisi kuna nini nyumbani?"

Akainama. "Mwalimu, ni siku ya mama kwenda Eastleigh."

Anayeishi Mathare ameshaelewa. Akina mama huvuka asubuhi na mapema kwenda Eastleigh kufua nguo. Wengi hukaa kando ya barabara wakisubiri kuitwa, lakini huyu alikuwa na wateja wawili wa kudumu, siku hizo mbili. Kitinda mimba wake, wa mwaka mmoja na nusu, angeweza kuachwa kwa jirani anayelea watoto kwa shilingi 50 kwa siku. Mlezi alitaka pesa asubuhi. Mama alilipwa jioni. Basi mtoto akabaki na dada yake.

Sijawahi kukutana na mzazi aliyeamka siku moja akaamua bintiye asisome tena. Uamuzi huo hufanywa kidogo kidogo, siku moja hapa, siku mbili pale, na kila mara kuna sababu ya kweli kabisa. Ila mtu akihitajika kubaki nyumbani, ni msichana. Kaka yake huvaa sare akaenda. Nimewauliza akina mama kwa nini, nikajibiwa, "Mvulana atamwosha mtoto vipi, mwalimu?" Hapo umaskini hauna lawama peke yake. Hayo ni malezi yetu.

Serikali imefanya mengi. Ada ya shule za msingi za umma iliondolewa Januari 2003, na karo ya masomo ya sekondari za kutwa ikafuata 2008. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yaliitaka serikali iwape sodo bila malipo wasichana waliosajiliwa katika shule za umma. Tatizo langu ni hayo maneno matatu, shule za umma. Mathare shule hizo hazitoshi, na watoto wengi husoma katika vishule vya mabati vya watu binafsi na vya makanisa. Mle karo hulipwa, na sheria hiyo haimtaji msichana aliyemo.

Sasa mfikirie huyo msichana. Amekosa Jumatatu, akapitwa na sehemu katika hisabati. Alhamisi amekosa tena. Akirudi haelewi, anaogopa kuulizwa, na siku zake zikifika hana sodo, kwa hiyo anakosa nyingine nne. Mchana kutwa yuko plotini. Hapo ndipo hutokea wa kumnunulia sodo, baadaye chipsi, baadaye simu. Mimba ikionekana, sote tunasema mimba ndiyo iliyomwachisha shule.

Tangu 1994 sera inamruhusu arudi baada ya kujifungua, na mwongozo wa 2020 ukalisisitiza hilo. Hata hivyo niliwahi kumsindikiza mmoja hadi ofisi ya shule fulani, tukaambiwa asubiri mwaka ujao ili wenzake wasiige. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwa leso, amelala. Hakurudi mwaka uliofuata. Bado naumia nikimkumbuka.

Yule wa Jumatatu na Alhamisi tulimfikia mapema. Jioni moja niliandamana na mama yake hadi kwa mlezi. Niliingia nikidhani nitakutana na mtu mgumu. "Mwalimu," akaniambia, "hizo za asubuhi ndizo ninazonunulia unga wa uji wao." Tukakubaliana: shilingi 20 asubuhi, 30 jioni.

Jumatatu iliyofuata msichana alifika saa mbili unusu, mikono ya sweta imelowa maji. Alhamisi alifika kabla ya kengele. Bado hukosa siku mbili tatu kwa mwezi, siku za foleni ndefu ya maji. Anayemfuata ni mvulana, yuko Gredi ya 6, na mtungi wa lita 10 anaubeba vizuri tu. Wiki hii narudi kwa mama yake tulizungumzie hilo.