Jezi ya Zaire ya 1974: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, jezi ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ya 1974 huibuka upya madukani na mitandaoni: ya kijani, yenye urembo wa njano, na nembo kubwa ya chui iliyotanda kifuani. Kwangu mimi hakuna timu ya Afrika iliyowahi kuvaa uzi mzuri kuushinda huo. Kinachonikera ni maelezo yanayouzwa pamoja nao: eti ni kumbukumbu ya timu ya vichekesho iliyofungwa mabao 14, na ya beki asiyejua sheria za mpira. Sehemu ya hayo ni uongo mtupu. Iliyobaki ni ukweli uliokatwa nusu.

"Yule beki hakujua faulo inapigwaje."

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Juni 22, 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire wanacheza na Brazil kwenye Kombe la Dunia, na Brazil wanapata mpira wa adhabu nje kidogo ya boksi. Filimbi inalia, na kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, Ilunga Mwepu, jezi namba 2, anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania anampa kadi ya njano. Dunia ikacheka, na imeendelea kucheka kwa zaidi ya miaka 50.

Mwepu alikuwa mtu wa Lubumbashi, beki wa TP Englebert, klabu tunayoijua leo kama TP Mazembe, ambayo ilikuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa klabu Afrika mwaka 1967 na 1968. Alicheza mechi za mchujo, akawa bingwa wa Afrika. Mtu wa namna hiyo hafundishwi faulo na Wabrazili. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alifanya makusudi na sheria alizijua. Wachezaji walikuwa wameahidiwa fedha, fedha hazikuonekana, na hakuona kwa nini aendelee kuumizwa uwanjani huku watakaonufaika wamekaa jukwaani wakitazama. Alitaka atolewe nje.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Kwa maelezo yake, baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia katika mechi iliyotangulia, watu wa Rais Mobutu walifika hotelini na kuwaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Upande wa pili, Brazil nao walihitaji ushindi wa mabao matatu ili waipite Scotland na kusonga mbele. Mechi ikaisha 3-0. Itazame video ile tena ukiwa unajua hayo, na ujiulize kinachochekesha ni nini.

"Walibahatika tu kufika huko."

Mwaka ule Afrika nzima ilikuwa na nafasi moja tu kwenye Kombe la Dunia la timu 16. Zaire waliipata kwa kuzitoa Togo, Cameroon na Ghana. Ghana waliwafunga 1-0 nyumbani kwao, kisha wakachapwa 4-1 Kinshasa. Raundi ya mwisho ilikuwa ya timu tatu: Zambia walifungwa nyumbani na ugenini, Morocco wakalala 3-0 Kinshasa, na baada ya hapo wakakataa kucheza mechi ya marudiano.

Kisha ikaja Machi 1974, Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Hapa ndipo ilipo hadithi halisi ya jezi hii, na ndipo wauzaji wanapanyamazia. Kwenye nusu fainali Zaire walitanguliwa na wenyeji mabao mawili, wakageuza na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, Zambia wakisawazisha mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Fainali hiyo haikuamuliwa kwa kupigiana penalti, kwa hiyo siku mbili baadaye mechi ikarudiwa na Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Alimaliza mashindano na mabao tisa, na mpaka leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika fainali za mwaka mmoja. Huo pia haukuwa ubingwa wa kwanza wa nchi hiyo. Ilikuwa imetwaa kombe hilo mwaka 1968 kwa kuifunga Ghana.

"Ni timu ya kwanza ya Afrika kwenye Kombe la Dunia." Hapana. Misri walicheza 1934, Morocco 1970. Zaire ni ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara, na hilo linatosha kuwa fahari.

"Hakuna waliowahi kufungwa kama wao." Korea Kusini walifungwa 9-0 na Hungary mwaka 1954, na Hungary hao hao wakaifunga El Salvador 10-1 mwaka 1982. Mabao 14? Haiti nao waliruhusu 14 katika mashindano yale yale ya 1974. Dhidi ya Scotland, iliyokuwa na Denis Law na Kenny Dalglish, Zaire walifungwa mawili tu. Kilichoporomoka ni mechi moja, ile ya 9-0 dhidi ya Yugoslavia, iliyochezwa na wachezaji waliokwisha kutishia kugoma kwa sababu ya fedha zao.

Na katika mechi hiyo hiyo kuna kadi nyekundu inayowekwa kwenye jina lisilo lake. Rekodi zinamtaja Ndaye, namba 13. Aliyempiga teke mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alikuwa Mwepu, naye alikiri. Mfungaji bora wa Afrika akatolewa mapema kipindi cha kwanza kwa kosa la mwenzake.

Ndaye alizushiwa hata kifo. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1998 huko Burkina Faso, alikumbukwa kwa dakika moja ya ukimya ilhali alikuwa hai. Alifariki Johannesburg mwaka 2019. Ukiinunua jezi hii na duka likakuuliza uandikiwe jina gani mgongoni, mwambie mchapaji: Ndaye, 13.