Kebo za nguvu na nyaya za kontroli: dhana potofu na ukweli

Pampu inaendeshwa na inveta (kifaa kinachorekebisha kasi ya mota), na sensa ya presha inapeleka kwenye paneli ishara ya miliampea 4 hadi 20. Inveta ikizimwa, namba zinatulia. Ikiwashwa, zinaruka ovyo. Sensa inabadilishwa, namba zinaendelea kuruka. Hapo kagua kwanza nyaya zimepita wapi.

Dhana: Kila waya una plastiki yake, kwa hiyo zote zilale trei moja.
Plastiki huzuia mkondo usivuje, haizuii uga wa sumaku wala wa umeme. Inveta nayo hukata na kuunga volti maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mruko huo hujipenyeza kwenye waya wa jirani. Tranki (mfereji wa kupitishia nyaya) ya plastiki haisaidii kitu. Ya chuma iliyoungwa ardhini husaidia. Dawa ya bei rahisi ni nafasi: tenganisha kwa sentimita 20 hadi 30, na zaidi zikienda sambamba mwendo mrefu. Zikilazimika kupishana, zikatane kwa nyuzi 90.

Dhana: Ukinunua kebo yenye wavu wa shaba unaozunguka nyaya zake, umemaliza.
Wavu usioungwa ardhini ni pambo la gharama. Mafundi hubishana: wavu uungwe ardhini upande mmoja au pande zote mbili? Wote wana hoja, ila wanazungumzia kebo tofauti. Kebo ya sensa ya analogi kwa kawaida huungwa upande mmoja, kwenye paneli, ili tofauti ya volti kati ya ardhi mbili isisukume mkondo ndani ya wavu. Kebo inayotoka kwenye inveta kwenda kwenye mota huungwa pande zote mbili, wavu ukibanwa kwa klampu mzingo mzima. Tabia ya kuusokota kuwa mkia na kuufunga kwa skrubu moja huudhoofisha sana kwenye masafa (frikwensi) ya juu.

Dhana: Elektroniki zipewe nondo yao ya ardhi, isigusane na ya jengo.
Hii ni hatari. Radi ikipiga karibu, nondo mbili zisizounganishwa zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo hupitia kwenye vifaa vyako.

Dhana: Rilei (swichi inayowashwa na koili ya umeme) haina mambo hayo.
Kwenye kebo ndefu ya AC ya volti 230, kapasitansi (uwezo wa nyaya zilizokaribiana kuhifadhi chaji) kati ya nyaya inaweza kupitisha mkondo wa kutosha kuishikilia rilei ndogo hata swichi ikiwa imeachia. Unabonyeza kitufe cha kuzima, mota inaendelea kuzunguka. Kwa umbali mrefu, afadhali kontroli ya DC ya volti 24, na kila koili iwekewe dayodi ya kumeza mruko wa volti inapozimwa.