Je, wajua kwa nini ETF yenye ada ndogo zaidi inaweza kukugharimu zaidi?

Tuseme uko Kisumu, umejiwekea dola kidogo kidogo, na sasa unataka ETF inayofuata fahirisi (orodha ya hisa inayopima mwendo wa soko) ya S&P 500. ETF ni kapu la hisa nyingi linalouzwa sokoni kama hisa moja. Ukinunua kipande kimoja, umepata chembe ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Unafungua zana ya mtandaoni ya kuchuja mifuko hii, mathalani ETF Database, unaandika jina la fahirisi, kisha unapanga matokeo kwa ada, ndogo kwanza. VOO ya Vanguard inatokea juu juu: asilimia 0.03 kwa mwaka. SPY, mkongwe aliyeingia sokoni mwaka 1993, yuko chini zaidi na asilimia zake 0.0945. Unajiambia, basi, nimepata.

Bado. Ile zana imetengenezwa kwa ajili ya Mmarekani. Mifuko inayoorodhesha ni ya masoko ya Marekani, na safu zake zinajibu maswali ya mtu wa Ohio: ada, ukubwa wa mfuko, faida ya miaka mitano. Haina haja ya kukuuliza wewe ni mkazi wa nchi gani, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha serikali ya Marekani itakukata nini siku gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, likitoka.

Na itakukata. Mwekezaji wa nje anayepokea gawio kutoka Marekani hutozwa kodi ya zuio ya asilimia 30, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi unaoipunguza. Barani Afrika wenye mkataba wa kodi ya mapato na Marekani ni wanne tu: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Kenya haimo. Tanzania, Uganda na Rwanda pia hazimo.

Sasa mtazame ndugu yake VOO aliyesajiliwa Ireland na kuuzwa London: CSPX ya iShares. Fahirisi ni ile ile, ada ni asilimia 0.07, zaidi ya mara mbili. Kwa kupanga kwa ada ungempita bila kugeuka. Lakini Ireland ina mkataba na Marekani, hivyo gawio hukatwa asilimia 15 tu linapoingia kwenye mfuko huo, na Ireland yenyewe haimkati mwekezaji anayeishi nje. CSPX haikupi gawio mkononi; hulirudisha kununua hisa zaidi.

Chukua kalamu. Umeweka dola 10,000, na tuseme kampuni zimetoa gawio la asilimia 1.3, yaani dola 130. Kwenye VOO, kodi ni dola 39 na ada dola 3: jumla 42. Kwenye CSPX, kodi ni dola 19.50 na ada dola 7: jumla 26.50. Yule "ghali" amekuachia dola 15.50 zaidi, kwa mwaka mmoja.

Kuna na la mirathi, ambalo watu hawapendi kulizungumza. Mgeni akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, zikiwemo hisa za ETF za huko, warithi wanaweza kudaiwa kodi inayofika hadi asilimia 40. Mfuko wa Ireland hauhesabiwi kuwa mali ya Marekani. Sijaona zana yenye safu ya kifo.

Utaujuaje usajili wa mfuko? Tafuta ISIN, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Herufi mbili za mwanzo ndizo nchi. VOO ni US9229083632. CSPX ni IE00B5BMR087. Zana zilizotengenezwa kwa wawekezaji wa Ulaya, kama justETF, zina kichujio cha nchi ya usajili, na kingine cha kutenganisha mifuko inayogawa gawio na inayolilimbikiza. Mwenye pesa za Afrika Mashariki akianzia hapo, halafu ndipo apange kwa ada, orodha anayopata ni nyingine kabisa.

Lakini kabla hujabonyeza kununua, muulize dalali wako anatoza kiasi gani kwa kila ununuzi wa London, maana hilo nalo halimo kwenye kichujio chochote. Tuseme unaweka dola 50 kila mwezi, na dalali anakata dola 4 kila unaponunua London ilhali New York hakati kitu. Kwa mwaka umeweka dola 600 na umelipa 48 za dalali, ili kuokoa kodi isiyofika hata dola moja. Hapo afadhali VOO, au ukusanye pesa na kununua mara moja moja.