Mbao, kanuni na siku saba za Bunge

Kila kanuni mpya ya misitu ikitoka, wapasuaji mbao wa Kenya huja na neno lilelile: "Tumtafute mheshimiwa atusemee." Mheshimiwa gani, na aseme nini? Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 haikupigiwa kura bungeni. Ilitangazwa kwa siku 90, ikaongezwa na kuongezwa tena hadi ikapita miaka mitano.

Kinachokugusa mfukoni, kama vile ada ya mti, kibali cha kusafirisha na masharti ya zabuni, hutungwa na waziri na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Sheria Na. 23 ya 2013, inayosimamia kanuni za namna hiyo, inamtaka kwanza ashauriane na watakaoathirika. Baada ya kuchapishwa, kanuni lazima imfikie Karani wa Bunge ndani ya siku saba za vikao ili iwekwe mezani. Isipofika, inakufa. Siku za vikao, jamani! Bunge likiwa mapumzikoni, hesabu haisogei, kwa hiyo usihesabu kwa kalenda ya ukutani. Kamati ya Bunge inayochunguza kanuni nayo ina siku 28 tangu ikabidhiwe. Zikipita bila ripoti, kanuni huhesabiwa imetimiza masharti, isipokuwa Bunge limeongeza muda. Ukimya unampendelea waziri. Ndiyo maana barua kwa kamati katika wiki ya kwanza ina thamani kuliko ujumbe wa watu 20 wa mwezi wa tatu.

Na barua yenyewe! Kurasa nne za "sekta yetu inaumia" hazimsaidii karani wa kamati. Chora jedwali la safu nne: namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayotaka, sababu. Angalia "waziri anaweza kushauriana" na "waziri lazima ashauriane". Ukibadilisha neno hilo moja, umepata haki ya kwenda mahakamani.

Safu ya sababu iwe na hesabu. Tuseme kanuni inaongeza shilingi 500 kwa kila mita moja ya ujazo ya gogo. Wengi huandika kwamba mbao zitapanda kwa 500. Hapana. Msumeno wako ukitoa asilimia 35 ya gogo kuwa mbao, mita 10 za saiprasi zinakupa mita 3.5. Nyongeza ya mita hizo 10, yaani shilingi 5,000, inagawanywa kwa 3.5, na kila mita ya mbao inabeba takribani shilingi 1,429. Mwenye mashine inayotoa asilimia 50 anabeba 1,000. Onyesha zote mbili, maana mjumbe makini atauliza kwa nini umlipishe mnunuzi uchakavu wa msumeno wako. Swali hilo ni la haki, na mabaki yakiuzwa kama kuni yaingize kwenye hesabu pia.

Kuna jambo linalonitia shaka. Tunaambiwa sekta izungumze kwa sauti moja, lakini marufuku ya 1999 iliwaacha wakubwa wachache waendelee kuvuna huku wadogo wakifunga. Kiwanda cha plaiwudi na mwenye msumeno mmoja hawataki zabuni ya aina moja. Sioni jinsi waraka mmoja unavyoweza kuwatetea wote wawili kwenye kifungu cha mgao wa miti. Kwa kifungu hicho, wadogo wapeleke jedwali lao, na walitie sahihi wao wenyewe.