Cheti Hakiipi Asteroidi Jina

Tangu kampeni za wanafunzi za kusaka asteroidi, yale mawe yanayolizunguka Jua, zipate umaarufu, dawati letu linapokea wazazi wa aina mbili. Wapo ambao watoto wao wamepewa cheti cha "ugunduzi wa awali", nao wanauliza jina la mtoto litaanza kutumika lini. Na wapo walionunua jina mtandaoni. Mmoja wao alitandaza mezani karatasi yenye muhuri wa rangi ya dhahabu na utepe mwekundu, jina la bintiye katikati, akaomba tumwonyeshe asteroidi hiyo kwenye orodha rasmi. Haikuwemo.

Tuelewane kwanza na hawa wa pili. Hakuna kampuni yenye mamlaka ya kuuza jina la asteroidi. Majina huidhinishwa na kikundi kazi cha Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU), na hailipiwi hata senti. Ukishaombwa malipo, jibu umelipata.

Wazazi wa kundi la kwanza hawajatapeliwa, ila wamewahi mno. Utaratibu uko hivi. Eneo moja la anga hupigwa picha kadhaa kwa kupishana dakika chache. Nyota hubaki palepale, nukta moja inasogea. Mahali na muda wa kila nukta hupimwa, kisha vipimo hutumwa kwenye Kituo cha Sayari Ndogo kilichoko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, kinachokusanya vipimo vya asteroidi, katika muundo maalumu unaobeba msimbo wa kituo kilichopiga picha. Usiku mmoja hautoshi. Ikipimwa tena usiku mwingine na vipimo vikalingana, ndipo hupewa utambulisho wa muda.

Utambulisho huo si jina. Ni kama namba ya NIDA wakati kadi yenyewe bado. Husomwa hivi: mwaka, herufi ya nusu mwezi, kisha herufi ya mfuatano, na ikibidi tarakimu. Herufi I hurukwa isichanganywe na 1. Tarehe 15 Juni 1933, mwanaastronomia Cyril Jackson akiwa Johannesburg aligundua asteroidi mbili, zikaandikwa 1933 LA na 1933 LB: L ni nusu ya kwanza ya Juni, A ya kwanza, B ya pili. Leo zinaitwa 1278 Kenya na 1279 Uganda. Jackson huyohuyo mwaka 1937 alitupatia 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa na 1429 Pemba, na bado tunaulizwa kama Afrika Mashariki "imewahi kukumbukwa huko juu".

Ile namba ya mbele, kama 1278, ndiyo inayochelewesha. Hutolewa njia ya asteroidi kulizunguka Jua ikishajulikana kiasi cha kutoipoteza tena. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona Ceres, ya kwanza kugunduliwa, huko Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801, ikapotelea kwenye mwanga wa Jua, na isingekuwa hesabu za mwanahisabati Gauss, kuipata mwishoni mwa mwaka kungekuwa kubahatisha. Kwa asteroidi za Ukanda Mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii, nafasi nzuri ya kuziona hurudi kila baada ya miezi 14 hadi 18 hivi, na kwa kawaida huhitajika misimu minne au zaidi. Picha za zamani zikipatikana kwenye kumbukumbu, muda hupungua. Kutupigia simu kila Jumatatu hakuupunguzi.

Namba ikishatoka, mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina. Akiiacha ipite, haki hiyo humtoka. Jina lisizidi herufi 16, pamoja na nafasi na alama. Liwe ikiwezekana neno moja, litamkike, lisikashifu, lisifanane mno na lililopo, na lisiwe tangazo la biashara. Liambatane na maelezo mafupi ya sababu. Mtu au tukio linalojulikana zaidi kwa siasa au vita husubiri miaka 100 baada ya kifo au tukio lenyewe, kwa hiyo tafadhali msituletee jina la mheshimiwa wa jimbo. Majina ya wanyama wa kufugwa hayapendelewi. Yapo yaliyopita, kama 2309 Mr. Spock, ambaye alikuwa paka wa mgunduzi, lakini malalamiko yaliyofuata ndiyo yaliyobana mlango. Wajumbe wa kikundi kazi cha IAU hupiga kura, na jina likipita huchapishwa kwenye jarida la kikundi hicho. Likikataliwa hakuna faini, unapendekeza lingine.

Na asteroidi si kimondo. Jiwe la chuma la Mbozi mkoani Songwe ni kimondo kwa sababu lilifika ardhini. Za Ukanda Mkuu ziko huko huko, na nyingi zitabaki huko.

Zenye namba sasa zimepita laki saba, zenye majina ni elfu ishirini na kitu, hivyo nafasi zipo. Mzazi anayetaka tumsaidie kufuatilia aje na utambulisho wa muda, ulioandikwa kama ulivyotolewa, herufi kubwa na tarakimu zote. Picha ya cheti kwenye simu haitufikishi popote.