Je, wajua mkulima wa mchicha Dar humuuliza nani kabla ya kumwaga mbegu?

Mchicha haukai sana shambani. Mbegu ikimwagwa leo kwenye tuta la bonde la mto Msimbazi, wiki tatu au nne baadaye mboga inang'olewa. Kwa hiyo hasara ya mkulima huyu haingoji mwisho wa msimu. Mwezi huu mvua imezoa mbegu, mwezi ujao viwavi wametoboa majani, na mwingine bei imeanguka siku ya kuvuna.

Wa kwanza kuulizwa ni mnunuzi. Mama anayenunua mchicha kwa tuta, ukiwa bado ardhini, anajua kama jana mboga zilidoda sokoni Ilala. Habari mbichi kuliko hiyo hakuna. Ila naye anatafuta bei nafuu, ndiyo maana wazoefu huuliza wanunuzi wawili watatu.

Kwa viwavi, anayeulizwa ni muuza pembejeo: yuko karibu na dawa anayo. Lakini anaishi kwa kuuza dawa. Mimi ningemtafuta kwanza bwana shamba, ambaye hauzi kitu, na kwa vyovyote ningesoma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya kusubiri siku 14 ikipigwa kwenye mchicha wa wiki ya tatu, sumu inaenda mezani kwa watu.

Mvua ndiyo inayochanganya wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Vuli (Oktoba hadi Desemba) na wa Masika (Machi hadi Mei). Ikisema "chini ya wastani", inalinganisha mvua ya msimu mzima na ile ya miaka mingi iliyopita. Haisemi kwamba hakutakuwa na siku moja ya mvua kubwa, na siku moja inatosha kufuta matuta yote. Wa mahindi, anayengoja miezi, utabiri wa msimu unamfaa sana. Wa mchicha afuatilie zaidi ule wa siku kumi, wa kila siku, na matangazo ya hali mbaya: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa.

Kisha kuna jambo la Msimbazi wenyewe. Maji yake yanaanzia upande wa vilima vya Pugu, hivyo mto unaweza kujaa huku chini Jangwani hata kama hapo halijadondoka tone. Ndiyo maana simu ya jamaa aliye Pugu, akisema "huku inanyesha tangu alfajiri", humfanya mkulima wa bondeni avune mapema siku hiyohiyo.