Je, wajua kwa nini grafu ya Korona hushuka kila Jumapili?

Mwanafunzi mmoja hapa Iringa alichora grafu ya wagonjwa wapya wa Korona wa kila siku Marekani, akaniuliza: kwani virusi navyo hupumzika Jumapili?

Havipumziki. Wanaopumzika ni watu. Mwisho wa wiki wapimaji hupungua, maabara nyingine hufungwa, na wanaotuma taarifa wako nyumbani. Majibu yaliyolala huingia kwenye hesabu siku zinazofuata. Ni kama mama anayeuza viazi Mwanjelwa, Mbeya: Jumapili anauza akitoka kanisani, daftari anajaza Jumatatu. Ukisoma daftari hilo utadhani Jumapili hakuna aliyekula viazi.

Unaweza kulijaribu hili kwa Excel, au hata kwa Google Sheets kwenye simu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kilikusanya takwimu za dunia kuanzia Januari 2020 hadi Machi 10, 2023, na mafaili yake hupakuliwa bure. Kinachowachanganya wengi ni kwamba namba zile ni jumla ya wagonjwa tangu mwanzo, si za siku moja moja. Zipange wima, tarehe safu A, jumla safu B. Kwenye C3 andika =B3-B2, buruta hadi chini upate wagonjwa wapya wa kila siku; chora safu C, na kupanda na kushuka kama meno ya msumeno kutatokeza. Kisha kwenye D9 andika =AVERAGE(C3:C9), yaani wastani wa siku 7, buruta tena, chora safu D.

Kwa nini siku 7, si 5 wala 10? Kwa sababu kila fungu la siku 7, lianze siku yoyote, lina Jumapili moja tu. Meno yanafutika, mawimbi yenyewe yanabaki.

Sasa weka Tanzania. Kuanzia Mei 2020 jumla inaganda kwenye 509 kwa zaidi ya mwaka, na safu C inajaa sifuri. Sisi tuliozika ndugu mwanzoni mwa 2021 kwa kilichoitwa "changamoto ya upumuaji" tunajua sifuri zile hazisemi kwamba ugonjwa haukuwepo. Takwimu ndizo hazikutolewa.

Kwa hiyo ukikusanya namba zako mwenyewe, za zahanati ya kijiji au za bweni la shule, siku ambayo hakuna aliyehesabu iache seli wazi, usiandike 0. AVERAGE huruka seli tupu, lakini sifuri huihesabu. Wakiwa wagonjwa 14 kila siku kwa siku 6, na siku ya 7 haikuhesabiwa, seli tupu inakupa wastani wa 14. Sifuri inakupa 12.